Sanamu ya bustanini: imetengenezwaje, mbona inageuka kijani, na kwa nini sura haifanani

Kila sanamu mpya inapofunuliwa, maswali huwa yaleyale. Februari 18, 2024, sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere ilipozinduliwa makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, Watanzania walibishana mitandaoni kama yule ni Mwalimu kweli au mtu mwingine. Mwaka huohuo, sanamu za wanariadha zilizosimamishwa Eldoret wakati mji ukijiandaa kupewa hadhi ya jiji ziliondolewa baada ya watu kuzicheka. Na kwenye bustani za mitaa, ambako kamera za televisheni hazifiki, malalamiko hayana tofauti: bei ni kubwa mno, sura si yake, na baada ya masika mawili eti imeshika kutu ya kijani.

Malalamiko yote matatu yana majibu, na majibu yenyewe hayako pale watu wanapoyatafuta. Wengi hulaumu shaba au aliyeiyeyusha. Ukweli ni kwamba sanamu nyingi huharibikia kwenye udongo wa kufinyangia, kabla shaba haijawekwa motoni, au huharibikia mikononi mwa wanaoisafisha miaka kadhaa baada ya uzinduzi.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo mazungumzo mengi hupotea. Kuchonga ni kupunguza: Mmakonde huanza na gogo la mpingo na kutoa kisichotakiwa. Kufinyanga ni kuongeza: udongo huwekwa juu ya udongo mpaka umbo litokee. Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu, yaani umbo tupu lililobeba alama za kitu unachotaka kukipata. Sanamu nyingi za watu tunazoziona barabarani hazikuchongwa. Zilifinyangwa kwa udongo, kisha zikasubiwa. Kiunzi ni mifupa ya ndani inayobeba udongo au saruji, na kitako ni ile nguzo au jukwaa ambalo sanamu husimama juu yake.

Shaba ya sanamu nayo si shaba tupu ya nyaya za umeme. Ni bronzi: kwa kawaida ya zamani, shaba sehemu 90 na bati sehemu 10 (bati halisi, si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki). Siku hizi viwanda vingi vya sanamu hutumia bronzi yenye shaba asilimia 95 hivi, silikoni 4 na manganizi 1, kwa sababu hutiririka vizuri kwenye kalibu na hukubali kuchomelewa. Katika makala haya nitaendelea kuiita shaba, kama tunavyosema medali ya shaba.

Lakini si kila kinachoitwa shaba ni shaba. Sanamu nyingi za mizunguko ya barabara na bustani zetu ni za saruji juu ya nondo, au za faiba, zikapakwa rangi ya dhahabu au kahawia. Pembe maarufu za Mombasa zinazopitiwa chini na magari ya Moi Avenue ni za alumini. Hakuna aibu katika vifaa hivyo, ila mwananchi ana haki ya kujua alicholipia. Vipimo vitatu vinatosha. Chukua sumaku: shaba haivutwi nayo, wala faiba; ikinasa penye uso wa sanamu, ujue kuna chuma karibu na juu. Gonga kwa kifundo cha kidole: shaba hulia na sauti hubaki kidogo, faiba hutoa mlio mfupi mkavu, saruji haijibu chochote. Kisha angalia palipochubuka, hasa vidoleni na kwenye pindo la koti. Chini ya rangi utakuta weupe wenye nyuzi kama ni faiba, kijivu kama ni saruji, na kwenye shaba hutakuta tabaka jingine, ni metali ileile tu yenye rangi ya kung'aa zaidi.

Kutoka udongo hadi shaba

Njia inayotumika zaidi kwa sanamu za watu ni ile ya nta inayopotea. Ni ya kale sana. Mafundi wa Ife na Benin, huko Nigeria ya leo, waliitumia karne nyingi zilizopita kutoa vichwa ambavyo hadi leo mafundi wa dunia nzima wanavistaajabia. Hatua zake ni nyingi, na kila moja ina mahali pake pa kukosea.

Kwanza hufanywa sanamu ndogo ya mfano, sentimita 30 hadi 60, ambayo kamati huitazama na kuidhinisha. Kasoro ya kwanza huingia hapa. Mfano wa sentimita 40 una kichwa cha sentimita tano au sita. Hakuna anayeweza kuhukumu sura kwa kichwa hicho. Kinachoidhinishwa pale ni mkao, mavazi na mwelekeo tu. Kamati inayoondoka ikiamini imeshaikubali sura imejidanganya.

Baada ya hapo hufinyangwa umbo la ukubwa kamili. Kiunzi hujengwa kwa bomba na nondo zilizochomelewa, hujazwa povu gumu ili kupunguza uzito, na juu yake hupakwa udongo wa sentimita kadhaa. Mtu wa mita 1.75 hafinyangwi kwa mita 1.75. Nje, chini ya anga na mbele ya majengo, umbo la ukubwa wa mtu huonekana kama la mtoto, kwa hiyo hukuzwa kwa robo hivi, likafika mita 2.2. Pia huongezwa kidogo kufidia kunywea: shaba ikipoa husinyaa kati ya asilimia 1.5 na 2. Kwenye urefu wa mita 2.2 hizo ni sentimita tatu na nusu hadi nne na nusu zinazopotea.

Udongo ukikubalika, hupakwa mpira wa silikoni kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, mpaka unene ufike sentimita moja hivi. Mpira huu hunasa kila kitu, hata alama ya kidole cha mfinyanzi. Lakini ni laini na haujishikilii, kwa hiyo juu yake hujengwa ganda gumu la plasta au faiba, katika vipande vinavyofungwa kwa bolti. Ganda likifunguliwa na kutolewa, udongo mara nyingi huvunjika. Kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma. Sura iliyomo kwenye mpira ndiyo sura itakayosimama bustanini miaka mia moja.

Ndani ya kalibu hiyo ya mpira humiminwa nta ya moto. Tabaka la kwanza hupakwa kwa brashi ili lisiache mapovu, yanayofuata humiminwa na kuzungushwa, mpaka nta ifike unene wa milimita tano. Ukiifungua una sanamu ya nta, tupu ndani. Sanamu kubwa haifanywi kwa mmimino mmoja: kichwa peke yake, mikono peke yake, kiwiliwili vipande kadhaa. Hapa fundi hukaa na kisu cha moto akiziba matundu, akifuta mistari ya maungio na kunoa kope na midomo. Msanii mwenyewe anapaswa kuwepo siku hiyo. Asipokuwepo, anayenoa midomo ni mtu ambaye huenda hajawahi kuona hata picha ya mhusika.

Kila kipande cha nta hubandikwa vijiti vya nta: vingine vitakuwa njia za kuingizia shaba, vingine njia za kutolea hewa. Kisha huchovywa kwenye tope laini la silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo), hunyunyiziwa mchanga wa silika na kuachwa kikauke. Halafu tena, na tena, mara nane hadi kumi, nje na ndani. Kila tabaka linahitaji saa kadhaa kukauka, na anayeharakisha hapa hulipia kwenye tanuri. Mwisho wake ni ganda gumu la unene wa sentimita moja hivi.

Ganda huingizwa kwenye tanuri lililokwisha kuwa moto sana, karibu nyuzi joto 900 za Selsiasi. Watu hushangaa: kwa nini lisipashwe polepole? Kwa sababu nta ikipata joto hutanuka kuliko ganda. Ukiipasha taratibu yote hutanuka kwa pamoja na kulipasua. Moto wa ghafla huyeyusha kwanza ngozi ya nje ya nta, ikatiririka na kuacha nafasi ya iliyobaki kutanuka. Nta inapotea, na pale ilipokuwa panabaki uwazi wa milimita tano wenye umbo la mtu.

Shaba humiminwa kwenye uwazi huo ikiwa na nyuzi 1,100 au zaidi kidogo, ganda likiwa bado na joto. Unyevu ni hatari kubwa kuliko zote. Maji kidogo yakikutana na shaba ya moto hugeuka mvuke papo hapo na kurusha metali. Mmimino haukatishwi. Ukisita hata sekunde chache, shaba iliyotangulia huanza kuganda na inayofuata hulala juu yake bila kushikana, na unapata mstari ambao siku moja utafunguka. Njia ya hewa ikisahauliwa, hewa hunaswa na kuacha shimo, mara nyingi puani, sikioni au kwenye ncha ya kidole.

Baada ya kupoa, ganda huvunjwa kwa nyundo, vijiti hukatwa, vipande huchomelewa pamoja kwa waya wa shaba ya aina ileile, na mistari ya kuchomelea husagwa kwa grainda na kunolewa kwa patasi ndogo mpaka isionekane. Hatua hii hula wiki nyingi kuliko kusubu kwenyewe. Na hapa sura inaweza kuharibika mara ya mwisho: shingo ikiunganishwa na kichwa kikiwa kimeinama kidogo tu kuliko kilivyokuwa kwenye udongo, mtu aliyekuwa anatazama mbele kwa kujiamini anageuka mtu anayekagua viatu vyake.

Uzito na bei

Watu wengi wanaamini sanamu ya shaba ni bonge zima. Si hivyo, na ikiwa hivyo imekosewa. Ifikirie kama kifuu cha nazi iliyokwisha kukunwa: gamba gumu la unene unaolingana kila mahali, na ndani hakuna kitu. Bonge lingepoa kwa mwendo tofauti, nje kwanza na ndani baadaye, na kusinyaa huko kusikolingana kungelipasua au kuibonyeza ngozi yake.

Hesabu yake ni rahisi. Mita moja ya mraba ya shaba yenye unene wa milimita tano ina uzito wa kilo 44. Mtu wa mita 2.2 aliyevaa koti ana uso wa mita za mraba nne hadi nne na nusu, kwa hiyo sanamu yake ni kilo 180 hadi 200. Angekuwa bonge angezidi kilo 1,200.

Sasa bei. Kwa wastani wa mwaka 2024, tani moja ya shaba kwenye soko la dunia ilikuwa karibu dola 9,000, yaani dola 9 kwa kilo. Kilo 200 ni dola 1,800. Hata ukiongeza bati au silikoni na kinachopotea kwenye vijiti na makapi, metali bado ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha kubwa huenda kwenye miezi ya kufinyanga, mpira wa silikoni, ganda, moto, kuchomelea, kunoa, usafiri, kreni na msingi. Ndiyo maana hoja ya "ingetengenezwa kwa faiba ingekuwa bure" nayo haisimami: kufinyanga na kalibu ni vilevile kwa vyote viwili. Unachookoa ni kusubu na kunoa metali, na unapoteza miaka. Faiba ikipigwa na jua letu bila kupakwa upya hupauka, huwa na unga juu, kisha nyuzi huanza kujitokeza.

Kwa upande wa wezi, kilo 200 za shaba ni kishawishi cha kweli. Biashara ya vyuma chakavu imemeza nyaya, mifuniko ya mashimo na vyuma vya reli, na Januari 2022 Kenya ilifikia kuisimamisha biashara hiyo kwa muda kutokana na uharibifu wa miundombinu. Ndiyo sababu sanamu hushikiliwa kwa bolti ndefu zinazotoka ndani ya miguu na kuzikwa kwenye zege kwa gundi ya epoksi. Bolti hizo ziwe za chuma cha pua au za shaba. Chuma cha kawaida kikigusana na shaba penye unyevu, ni chuma kinacholiwa, na hulika haraka kuliko kingelika chenyewe.

Kwa nini hafanani

Hili ndilo lililoleta kelele Addis Ababa, na ndilo lililoifanya dunia icheke sanamu ya kichwa cha Cristiano Ronaldo iliyofunuliwa uwanja wa ndege wa Madeira Machi 2017 na kubadilishwa mwaka uliofuata. Wepesi wa kusema "msanii hajui kazi" unaficha mambo ambayo hata mfinyanzi mzuri huhangaika nayo.

Sisi humtambua mtu kwa rangi kuliko tunavyodhani: weusi wa nyusi dhidi ya ngozi, weupe wa macho, mvi, mpaka wa nywele na paji. Shaba haina hata kimoja. Kila kitu ni rangi moja, kwa hiyo kila tofauti lazima igeuzwe kuwa kina na kivuli. Mboni ya jicho, ambayo kwa mtu ni rangi tu, kwenye udongo huchimbwa kama shimo, na ndani yake huachwa kinundu cha milimita mbili au tatu ili kishike mwanga na jicho lionekane hai. Ukiacha jicho laini kama lilivyo kwa mtu, unapata kipofu. Nyusi zisipoinuliwa vya kutosha hupotea kabisa ukiwa hatua kumi.

Kisha kuna umri. Nyerere alizaliwa Aprili 1922. Alikuwa na miaka 39 Tanganyika ilipopata uhuru na 63 alipong'atuka mwaka 1985. Aliyemjua kwa picha za 1961 na aliyemsikia akihutubia miaka ya 1990 wanabeba nyuso mbili tofauti vichwani mwao. Sanamu haiwezi kuwa zote mbili. Mkataba usiotaja umri umeshatengeneza ugomvi.

Picha zenyewe hudanganya. Iliyopigwa kwa karibu huvimbisha pua na kurudisha masikio nyuma. Mfinyanzi anahitaji picha zilizopigwa kutoka mita mbili na zaidi, za mbele, za ubavu wa kulia, wa kushoto, na ikiwezekana za kisogo. Kwa watu wengi wa zamani picha ya ubavu haipo kabisa. Kwa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ambaye sanamu yake ilizinduliwa Nairobi Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, picha za kutegemea ni chache. Ndiyo maana watu humtambua kwa nywele zake, bunduki na kisu kuliko kwa pua au kidevu. Huo ulikuwa uamuzi wa busara: sura ikiwa haba, mavazi na vifaa hubeba utambulisho.

Halafu jua na kitako, ambavyo husahaulika kuliko vyote. Nairobi na Dar es Salaam jua la saa sita mchana liko karibu juu ya utosi. Mwanga huo hujaza matundu ya macho giza, huweka kivuli kirefu chini ya pua na kufanya mashavu yaonekane yamebonyea. Uso uliofinyangwa chini ya taa za karakana haujawahi kukutana na jua hilo. Dawa yake ni kukitoa kichwa cha udongo nje saa sita mchana, na tena saa kumi na moja jioni, kabla ya kupaka mpira. Na sanamu inayotazama mashariki hupata mwanga mzuri usoni asubuhi tu; jioni, watu wanapojaa bustanini, uso wake uko gizani.

Kuhusu kitako, chukua tepu. Sanamu ikiwa juu ya kitako cha mita mbili, uso uko mita nne kutoka chini, na macho ya mtazamaji yako mita 1.6. Ukisimama mita tatu unatazama juu kwa nyuzi 39: unachoona ni kidevu na matundu ya pua. Rudi nyuma mita nane, pembe inashuka hadi nyuzi 17, na uso unarudi. Picha nyingi zinazosambaa zikisindikizwa na kicheko zimepigwa na mtu aliyesimama chini kabisa ya kitako. Kwa bustani ya mtaa, ambako hakuna nafasi ya kurudi nyuma, kitako cha sentimita 40 hadi 60 humtosha mtu yeyote. Mtukufu hapungui kwa kusimama karibu na watoto.

Watoto watapanda, na hilo lihesabiwe mapema. Mtoto wa kilo 40 akining'inia kwenye kiganja kilichonyooshwa sentimita 60 kutoka mwilini anavuta bega kwa nguvu kubwa. Mkono wa namna hiyo uwekewe fimbo ya chuma cha pua ndani kabla vipande havijachomelewa, la sivyo ufa utaanzia kwapani.

Wakati tuko kwenye ishara na mikao: ule ujumbe unaozunguka kwenye simu kwamba farasi wa sanamu akiinua mguu mmoja mpanda farasi alijeruhiwa vitani, na akiinua miwili alifia vitani, si kanuni. Sanamu ya Andrew Jackson, jenerali na rais wa zamani wa Marekani, iliyosimamishwa Washington mwaka 1853 ina farasi aliyeinua miguu yote miwili ya mbele, na Jackson alifia nyumbani kwake kwa maradhi.

Ule ukijani

Kutu ya chuma hula. Hubanduka, hufungua uso mpya, na kuendelea kula mpaka chuma kiishe. Ukijani wa shaba kwa kawaida hufanya kinyume: ni ngozi nyembamba inayoshikamana na metali na kupunguza mwendo wa uharibifu. Ni jamaa wa karibu wa malakiti, lile jiwe la kijani lenye mawimbi ambalo mafundi wa Lubumbashi na Kolwezi huchonga mikufu na visanduku. Malakiti ni shaba iliyoungana na hewa ya kaboni na maji. Kwenye sanamu za mijini shaba huungana zaidi na salfa ya moshi wa magari. Pwani huungana na chumvi ya bahari.

Rangi ya siku ya uzinduzi nayo si ya asili. Shaba mpya hung'aa kama dhahabu nyekundu. Fundi huipasha kwa moto wa gesi mpaka tone la maji likidondoshwa lichemke papo hapo, kisha hupaka dawa: naitreti ya chuma huleta kahawia ya dhahabu, naitreti ya shaba huleta kijani, dawa za salfa huleta weusi. Juu yake hupakwa nta ikiwa bado ya moto. Nta hiyo ndiyo koti la mvua, na koti likichakaa rangi hubadilika.

Si kila kijani ni salama, na hili linawahusu sana watu wa pwani. Kijani kilicholala sawa, kigumu, kisichotoka ukikisugua kwa kidole, kiache. Vidoa vya kijani cheupe, vyenye unga unaobaki kidoleni, ni ugonjwa: chumvi imeingia ndani, na kila unyevu unapopanda inaendelea kuchimba. Hapo aitwe mtaalamu wa uhifadhi. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson, imesimama tangu mwaka 1927, umbali mfupi tu kutoka bandarini. Ndugu zake wa Nairobi wako Kenyatta Avenue tangu 1928. Shaba nzuri huvumilia karne ya hewa ya bahari, lakini haivumilii kila anayejaribu kuisaidia.

Na wasaidizi ni wengi. Kabla ya sikukuu ya kitaifa mtu hutumwa na kopo la rangi ya dhahabu. Rangi hujaza mikunjo ya nguo na kope zilizochukua wiki kunolewa, hunasa unyevu chini yake, na ikianza kubanduka mwaka unaofuata hupakwa nyingine juu. Wengine hutumia limau, ukwaju na majivu kama wanavyong'arisha vyombo vya nyumbani: asidi huondoa ngozi yote ya kinga, na sanamu inang'aa siku tatu kabla ya kuanza kufubaa upya kwa mabaka. Waya wa kusugulia masufuria hukwaruza na kuacha vipande vidogo vya chuma vinavyoota kutu kwenye mikwaruzo.

Usafi unaofaa ni wa kawaida sana. Ndoo mbili za maji safi, si ya kisima chenye chumvi, sabuni ya maji isiyo na dawa ya kuondoa madoa, kijiko kimoja kwa lita tano, brashi laini. Anza chini kwenda juu ili sabuni chafu isiache michirizi kwenye sehemu kavu, kisha suuza kutoka juu kwenda chini. Kinyesi cha ndege kilowekwe kwanza, kisikwanguliwe, na kisiachwe wiki nzima, maana asidi yake hutoboa ngozi ya rangi. Acha ikauke kabisa, ikiwezekana mpaka jua la saa tano liipashe joto. Paka nta nyembamba isiyo na rangi kwa brashi, iache dakika kumi na tano, futa kwa kitambaa cha pamba. Bara mara moja kwa mwaka, baada ya masika. Pwani mara mbili.

Kwa sanamu za saruji hadithi ni nyingine, na fupi. Adui ni nondo zilizo ndani. Chuma kikishika kutu huvimba mara mbili au zaidi ya ujazo wake na kupasua saruji kutoka ndani. Ufa ulionyooka kufuata mkono au mguu karibu kila mara una nondo chini yake. Kuuziba kwa plasta na kupaka rangi ni kuufunika tu. Ubomolewe mpaka chuma kionekane, kisuguliwe, kipakwe dawa ya kuzuia kutu, ndipo pajazwe. Anayejenga mpya atumie saruji sehemu moja kwa mchanga mbili, maji yasizidi lita 22 kwa mfuko wa kilo 50, mchanga wa mto na kamwe si wa ufukweni, wavu uliopakwa zinki, na nondo zifunikwe sentimita mbili na nusu bara au nne karibu na bahari. Halafu magunia mabichi juu yake siku saba bila kukauka.

Sehemu moja ya kukagua imebaki, na wengi hawaijui: nyayo. Sanamu ya shaba ni tupu, na usiku hewa ya ndani huacha umande. Maji hayo hutoka kupitia vitundu vya milimita kadhaa vilivyotobolewa chini ya visigino. Saruji ya kitako au rangi ikiviziba, maji hubaki miguuni na kuozesha chochote cha chuma kilichomo. Ukiona michirizi ya kahawia nyekundu ikishuka kutoka kwenye kisigino hadi kwenye kitako, hiyo haitoki kwenye shaba; ni vyuma au bolti za ndani zinazooza. Vitundu vizibuliwe kwa waya laini, na kabla ya mvua zijazo fundi wa kuchomelea akague bolti zote.